Mama iko na sukari na tansio, sasa uso unavimba asubuhi. Hizi magonjwa zinafikaka kwa mafigo namna gani?

BintiNguba

Habari zenu bote. Naandika na woga kwa hiyo munisamehe kama maneno inaenda ovyo.

Mama yangu iko na miaka 58. Sukari balimukuta nayo sasa ni miaka 12, tansio, ile presha ya damu, ilikuja nyuma, kama miaka 8 hivi. Metformini na glibenklamidi anakunywaka kila siku, pale hakosi, lakini dawa ya tansio anakunywa tu siku yenye kichwa inamuuma, anasema akikunywa kila siku mwili itazoea. Na mimi nilimuachaka tu, juu alikuwa anaonekana muzuri, anatoka huku chini kwetu anapanda mpaka soko ya Kadutu, hapa Bukavu, na muzigo yake ya vitenge bila kusimama njiani.

Sasa kenye kilitokea ni hiki. Tangu kama miezi mine sukari ilianza kushuka yenyewe. Mwenye alikuwa anapimaka 240, 260, akaanza kupima 130, kisha 95, juzi 62. Na chakula hakubadilisha! Tulifurahi sana, mama akasimama hata kanisani akatoa ushuhuda kama Mungu amemuponyesha sukari, batu bakapiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini tena usiku anaamuka amelowa jasho, mikono inatetemeka, siku ingine alinitazama kama hanijue. Asubuhi macho imevimba karibu kufunga, mangaribi uvimbe inashuka kwa miguu, soksi akiitosha inaacha muchoro, ukifinya na kidole shimo inabaki pale. Pete yake ya ndoa hatuwezi tena kuitosha. Na mukojo inafanya povu kwa ndoo sawa ya sabuni, haiishi hata ukingoja.

Kwa santre ya afya bakamupima tansio, 18/11 (ni kusema 180/110), infirmie mumoja akasema tu "hii inaweza kuwa mafigo" kisha akaita mugonjwa mwingine. Hakunielezea kitu.

Ulizo langu: sukari ni ya damu, tansio ni ya moyo, sasa mafigo inaingia wapi? Na namna gani mafigo iharibike wakati sukari yenyewe inapona? Na ile ibuprofeni anakunywaka juu ya magoti (kila siku, hata mbili, tangu mwaka jana) niiache ama haina neno? Mwenye anajua anielezee polepole, sikusoma mambo ya udaktari.

---

Infirmie_Kadutu

Dada pole sana na mama. Maelezo nitakupa yote lakini kwanza kuna kitu usingoje mpaka umalize kusoma.

Sukari 62, jasho usiku, kutetemeka, kukutazama kama hakujui: hiyo SI kupona. Hiyo ni sukari kushuka kupita kiasi, na inaua haraka kuliko sukari ya kupanda. Usimpe tena glibenklamidi mpaka daktari amwone. Ikimshika, mpe maji yenye sukari au juisi kama anaweza kumeza, kisha ale. Kama hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize. Na hata akiamka vizuri mpelekeni hospitali leo leo, siyo santre, hospitali yenye labo, kwa sababu glibenklamidi kwa mtu mwenye figo zilizochoka inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena na tena, unamwona amekuwa sawa saa mbili usiku, saa tisa amezimia. Ibuprofeni acheni leo. Diklofenaki vilevile, ya vidonge na ya sindano. Kwa maumivu parasetamoli inatosha.

Haya, sasa nieleze kwa nini sukari "ilipona", maana nimeona familia nyingi zikifurahi kama nyinyi na roho huwa inaniuma kila mara. Insulini ya mwili, na hata ile ya kupiga sindano, haikai kwenye damu milele, inavunjwa na kuondolewa, na figo ndizo zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Dawa kama glibenklamidi pia mabaki yake yanatoka kupitia figo. Figo zikichoka, vyote hivyo vinabaki kwenye damu vinaendelea kusukuma sukari chini. Tena figo zenyewe hutengeneza sukari kidogo mtu akiwa na njaa, zikifa hiyo nayo inapungua, na mgonjwa mwenyewe anaanza kukosa hamu ya kula. Ndiyo maana mtu mwenye sukari ya miaka 10 au 15, namba zake zikianza kushuka bila sababu, sisi hatupigi makofi, tunaomba kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo.

Sasa ulizo lako lenyewe, sukari inaingiaje kwenye figo.

Figo ni mbili, kila moja ina vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Kila kichujio ni kifundo cha mishipa ya damu myembamba kuliko unywele, imejikunja pamoja kama uzi. Damu inapita pale, maji na taka vinachujwa, vitu vya maana kama chembe za damu na protini vinabaki ndani. Kwa siku moja vinachuja kama lita 180, kisha figo inarudisha karibu yote mwilini, inayotoka kama mkojo ni lita moja na kitu. Kwa hiyo figo ni mishipa ya damu mitupu, na ugonjwa wowote wa kuharibu mishipa lazima ufike pale. Usiseme tansio ni ya moyo na sukari ni ya damu, zote mbili ni magonjwa ya mishipa.

Sukari ikiwa juu miaka na miaka inafanya mambo mawili. La kwanza, mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio unafunguka kupita kiasi, kwa hiyo damu inaingia kwa nguvu, na kichujio kinafanya kazi KUPITA kawaida. Miaka ile ya mwanzo ukipima utaona figo zinachuja sana na utasema ziko nzuri kweli, kumbe ni kama mbebaji wa bandarini anayepewa magunia mawili kila safari, anaenda, lakini mgongo unavunjika taratibu. La pili, sukari inashikana na kuta za kile kichujio, kuta zinanenepa na kuwa ngumu, katikati panajaa kitu kama kovu. Mwaka 1936 madaktari wawili, Kimmelstiel na Wilson, walitazama figo za watu waliokufa na sukari wakakuta vile vinundu vya kovu, mpaka leo vinaitwa kwa majina yao. Kuta zikiharibika hivyo matundu yanalegea na protini inaanza kupita kwenye mkojo. Lile povu unaloliona kwa ndoo ni protini, inafanya povu sawasawa na ute wa yai ukiupiga.

Tansio nayo. Wewe uko huku chini karibu na ziwa, unajua usiku watu wa juu wakifunga robine zao maji yanashuka kwenu na nguvu gani, tiyo ikiwa ya zamani inapasuka. Mishipa midogo ya figo haipasuki, inajilinda, inaota ukuta mnene ndani. Lakini ukuta ukinenepa tundu linabana, damu haifiki, kichujio kinakufa kwa njaa. Kimoja leo, kumi kesho. Na vilivyobaki vinabebeshwa kazi ya vilivyokufa, navyo vinachoka haraka.

Kuna kitu kingine watu hawaambiwi. Figo ndizo zinapanga tansio ya mwili mzima. Damu ikifika kwake kidogo, figo inadhani mwili umekauka, inatoa kitu kinaitwa renini, ambacho mwisho wake kinabana mishipa na kushikilia chumvi na maji, tansio inapanda zaidi. Kwa hiyo tansio inaharibu figo na figo iliyoharibika inapandisha tansio. Mama hana magonjwa matatu mbalimbali, ni kamba moja. Na ile 18/11 yake sasa inawezekana nusu yake inatoka kwenye figo zenyewe.

Ibuprofeni mwaka mzima juu ya hayo yote... inabana ule mshipa wa kuingiza damu kwenye kichujio. Pole dada, si kosa lako, farmasi zetu zinauza kama peremende.

---

Mutoto_wa_Shofere

Yaya BintiNguba, fanya vile infirmie anasema, leo, hapana kesho. Mimi naandika juu ya papa yangu.

Papa alikuwa shofere ya kamiyo kwa barabara ya Uvira, miaka mingi, alijua kila kona ya Ngomo. Sukari hakukuwa nayo hata kidogo, ni tansio tu. Balimuambia tansio iko 17/10 wakati bado kijana, alipewa dawa, akakunywa mwezi moja, akaacha. Alikuwa anasema "tansio yangu naijua, ikipanda nasikia kwa shingo." Miaka 15 alisema ile. Na miaka 15 hakusikia kitu, iko anakula makayabo yake, ile samaki ya chumvi, analala muzuri, ananenepa, tukasema muzee iko na nguvu.

Ilianza na kujikuna. Ngozi haina kitu lakini anajikuna mpaka damu. Kisha nyama ikaanza kumunukia vibaya, anasema mudomo iko na ladha ya chuma, tukawaza ni ini. Kisha kwikwi, siku tatu bila kuacha. Kisha kutapika kila asubuhi. Balimutibia tifoide mara mbili, malaria mara tatu. Siku yenye balipima kreatinini ilikuwa 14. Dokta alituuliza mara mbili kama ni kweli aliingia kwa hospitali na miguu yake.

Sijue kama munajua dialize, ile mashini ya kusafisha damu pa nafasi ya figo, iko namna gani, mi sikukuwa najua. Wanamuweka tiyo kwa shingo kwanza, kisha banamupasua kwa mukono banaunganisha mushipa na mushipa ingine, pale ukiweka kidole unasikia inatetemeka chini ya ngozi sawa nyuki bako ndani. Mara tatu kwa juma, saa ine kila mara. Sisi ilikuwa kuvuka Ruzizi na kupanga nyumba ngambo, juu huwezi kwenda na kurudi kila siku tatu na mutu mugonjwa. Maji balimupimia, chupa moja ya nusu lita kwa siku, pamoja na chai, pamoja na ile ya kumezea dawa. Papa mwenye alikuwa anakunywa bido nzima kwa njia ya Kamanyola! Alikuwa ananiomba barafu anyonye, na mi namunyima, mtoto anamunyima baba yake maji.

Kule kwa koridori nilikaa sana, mufundi moja wa aparei alinifundisha mengi, aliniambia ile mashini Muholanzi moja jina lake Willem Kolff njo aliitengeneza mwaka 1943, wakati wa vita, na ile selofani ya kufungia sosisi njo ilikuwa kichujio chake. Niliwaza sana nikisikia ile, mutu akitafuta njia na kenye iko nayo kwa mukono.

Tuliuza parsele ya Panzi. Papa alimaliza miezi saba, akaenda.

Sisemi hii juu ya kukuogopesha yaya. Mama yako bado anapanda Kadutu. Papa siku yenye alijua alikuwa amekwisha fika. Wewe uko na povu na uvimbe, uko na wakati. Na mama akunywe dawa ya tansio KILA siku, tansio haiitake mutu kwa jina.

---

Kijana_Bagira

Pole familia. Lakini mbona hakuna mtu anasema dawa zetu? Mubirizi na mizizi ingine vinasafishaka mafigo, bibi yangu anachemusha anakunywa kila asubuhi na iko na miaka 80. Kuna muzee huku anauzisha chupa ya lita, anasema juma mbili povu inaisha.

---

Infirmie_Kadutu

Kijana nakuheshimu, na bibi yako Mungu amlinde. Lakini bibi hana figo mbovu, tofauti ni hapo. Figo haisafishwi kama tangi. Kile kichujio kikishakuwa kovu hakuna jani wala kidonge kinakirudisha, cha hospitali au cha porini, hakuna. Tunachoweza ni kulinda vile vilivyobaki.

Na mimi sisemi mti wote ni mbaya. Nasema chupa ya lita ambayo hujui ndani kuna nini, wewe ukinywa figo zako zinatoa, mama huyu akinywa inabaki. Tena kuna mimea inaua figo yenyewe. Pale Brussels mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina, ndani yake kulikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi waliishia dialize, wengine baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo. Walikuwa watu wazima wenye afya, walitaka kukonda tu. Sasa mgonjwa mwenye figo nusu?

Dada, chupa ya huyo mzee usinunue. Pesa hiyo lipa kreatinini.

---

LaboAsubuhi

Mi nafanyaka kazi ya labo, acha niseme kuhusu vipimo juu hapo njo batu banapoteza pesa.

Vitu bibili tu njo vya lazima. Moja ni kreatinini ya damu. Kreatinini ni taka ya misuli, figo zinaitoa, zikichoka inapanda. Lakini namba yenyewe peke yake inadanganya, kreatinini 1,3 kwa kijana wa kubeba sementi inaweza kuwa sawa, kwa bibi mwembamba ni figo imepungua nusu. Kwa hiyo omba bakuandikie na DFG, ile namba ya kuonyesha figo zinachuja kiasi gani, banahesabu na miaka na kama ni mwanamuke ao mwanaume. DFG 90 na juu ni muzuri kama mukojo hauna protini, chini ya 60 kwa miezi mitatu ni ugonjwa wa figo, chini ya 30 ni mbaya sana, chini ya 15 njo habari ya dialize inaanza. Na ujue kreatinini inachelewa, unaweza kupoteza nusu ya figo na rezilta bado inaandikwa "normale".

Ya pili ni mukojo. Ile kijiti cha rangi cha bei ndogo kinaonyesha protini ikiwa mingi, kwa mama yako kitageuka palepale. Lakini mwenye sukari mwenye bado hana povu aombe albimini (ni protini) ya mukojo pamoja na kreatinini ya mukojo, albimini ikipita miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ni figo zinaanza kuvuja, na pale mutu hasikii KITU, hana uvimbe, hana povu, anacheza mupira. Pale njo dawa zinasaidia zaidi kuliko wakati wote. Mwenye sukari ya watu bazima afanye hii siku ileile anajulikana na sukari, kisha kila mwaka. Kila siku naona batu banapimisha tifoide mara sita kwa mwaka, sukari miaka kumi, albimini hata siku moja.

Mukojo ulete wa asubuhi, ule wa kwanza, chupa safi. Isiwe wakati iko na homa ao iko kwa mwezi, inaharibu rezilta. Na yeye mama apimiwe na potasiamu tafazali.

---

MamaJiko_Essence

Mi si dokta, ni mupishi, lakini nilimupikiaka mama mukubwa wangu miaka sita na figo mbovu kwa hiyo ya jiko naijua.

Chumvi. Banasema kijiko moja cha chai kwa siku njo mwisho, na ile ni pamoja na yenye imejificha. Ukitia kibe mbili za kukoleza kwa sombe tayari umemaliza kazi. Mi niliacha kibe kabisa, nikaweka kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kijani, nyanya kidogo, na ndimu kwa sambaza za ziwa zenye ni mubichi, hapana zile za kukaushwa na chumvi. Juma ya kwanza mama mukubwa alisukuma sahani, alisema namulisha nyasi. Juma ya tatu alienda kwa harusi akarudi anasema chakula yao ilikuwa chumvi tupu, ulimi ulishabadilika. Makayabo sahau, hata uiloweke usiku muzima inabaki na chumvi.

Lakini mambo ya ndizi, avoka, maharagi, lengalenga, usimukataze mbele ya rezilta. Batu benye figo imechoka sana potasiamu inapanda kwa damu na inaweza kusimamisha moyo, hao njo banapunguza. Mama mukubwa potasiamu yake ilikuwa juu, nilikuwa nakata mboga kadogo kadogo, nachemusha na mayi mingi, namwanga ile mayi, kisha napika tena. Mwenye potasiamu yake iko sawa, unamunyima mboga ya bure. Tena kuna chumvi ingine wanauzisha kwa duka wanasema ni ya batu ba tansio, ile ndani iko potasiamu, angalia.

Nyama usimukatie yote, bamoja banamuacha mugonjwa na bugali tupu mpaka anakauka. Kipande kidogo, yai moja, sambaza kiasi, haina neno.

---

BintiNguba

Aksanti, aksanti sana bote. Narudi, imepita siku tano.

Ile siku tulimubeba na moto (pikipiki) saa tisa ya muchana. Kufika hospitali bakapima sukari iko 48. Alikuwa anaongea, alikuwa ananigombeza juu ya moto kukimbia, na iko 48! Balimuweka seromu ya sukari akalala kule siku mbili, juu kweli infirmie vile ulisema, ilipanda kisha saa tisa ya usiku ikashuka tena 55, nilikuwa pale nashika mukono yake, jasho imelowesha hata shuka.

Kreatinini 2,6. DFG bameandika 21. Kijiti cha mukojo protini tatu za kujumlisha. Potasiamu 5,1. Damu yake pia ni kidogo, 8,9, dokta anasema figo njo zinaambiaka mifupa itengeneze damu, na zile zimechoka kuambia. Mi nilikuwa nawaza ni juu anakula kidogo.

Glibenklamidi imekatwa, metformini pia imekatwa juu ya ile 21. Bamemupa dawa ya maji, furosemidi, na amlodipini ya tansio kila siku. Dokta anasema nyuma ya juma mbili, kama potasiamu imetulia, ataanza losartani kidogo kidogo. Nilimuuliza hii ni ya tansio, inafanya nini kwa figo, akasema inapunguza nguvu ya damu ndani ya kichujio chenyewe na povu inapungua, lakini lazima bapime kreatinini na potasiamu juma moja ao mbili nyuma ya kuianza. Ni kweli?

Na mama anauliza kitu yenye sikuwa na jibu. Anauliza kama ushuhuda wake ulikuwa uongo.

---

Infirmie_Kadutu

Ni kweli kabisa. Losartani, enalaprili, lisinoprili, hizo ni familia mbili za dawa zinazofungua mshipa wa kutoa damu kwenye kichujio, kwa hiyo msukumo wa ndani unashuka. Kwa watu wa sukari wenye protini kwenye mkojo zimeonyeshwa kuchelewesha figo kufa, losartani tangu 2001. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni msishtuke na msiache wenyewe, daktari ndiye atasema kama imepita kiasi. Siku akitapika sana au akihara sana, mpigieni daktari simu kwanza kabla ya kumpa, losartani na furosemidi zote mbili, kwa sababu mwili ukikauka zinaumiza. Na muulizeni daktari pia kuhusu dapagliflozini au empagliflozini, dawa nyingine za kulinda figo, kama zinapatikana kwenu, kwa DFG yake ya 21 bado inawezekana kuanza, aamue yeye. Tansio mtafute 13/8, pimeni nyumbani na andikeni kwenye daftari, mkono mmoja, saa moja, amekaa ametulia.

Mwambie mama hakusema uongo. Alisema aliloliona. Sukari ilishuka kweli, hakuna aliyemwambia maana yake, na hiyo ilikuwa kazi yetu sisi.

21 si mwisho. Nina mgonjwa alikuja na 24 miaka minne iliyopita, juzi alikuwa 19, anauza mkaa wake. Sukari ya mama iangaliwe bado hata bila dawa, ikipanda tena juu ya 200 atahitaji insulini kidogo, kidogo kuliko zamani.

---

Mutoto_wa_Shofere

Yaya, ile mukono yake ya kushoto, kama haandikie nayo, uambie infirmie basiitobolee damu wala seromu, batobole kwa mugongo ya kiganja ya mukono ingine. Kama siku moja itafika ya dialize, ile mishipa njo atahitaji. Papa yake ilikuwa imeharibika yote na seromu za malaria, njo maana alikaa na tiyo ya shingo muda murefu. Hakuna mwenye alituambia.

---

BintiNguba

Nimeona hii wakati niko kwa muryango ya labo, balikuwa banataka kutobola kushoto. Nimewaambia kulia, kwa mugongo ya kiganja. Mama amesema "huyu mutoto sasa amekuwa dokta", lakini ameutosha.

Asubuhi hii uso umepungua kidogo, macho inafunguka. Pete bado. Juma ijayo tunarudi na chupa ya mukojo wa kwanza, na nimemuandikisha yaya yangu pia, iko na tansio 15/10 na miaka 36, anasema hasikie kitu.